Kikao cha Migongo

Sifa zilianza kumiminika hata kabla albamu haijatoka. Mhakiki mmoja wa nchi za mbali, ambaye hajawahi kuukanyaga mji huu wala kuuota ndotoni, aliandika kwamba Tanuri, albamu ya bendi ya Kokoto, ndiyo kazi ambayo muziki wa metali umekuwa ukiisubiri. Mwingine akasema gitaa zake zinachana hewa. Wa tatu, mwenye maneno mengi kuliko masikio, alijaza ukurasa mzima na mwisho akatoa nyota zote alizokuwa nazo. Basi watu wakapandwa na wazimu. Vijana ambao juzi tu walikuwa wakiziba masikio wakisikia metali, leo wamevaa fulana nyeusi na wanabishana kwenye foleni ya benki kuhusu wimbo wa tatu ambao hata hawajausikia.

Mtu mmoja tu hakuchangamka, naye ndiye aliyetarajiwa kuchangamka kuliko wote.

Wasikilizaji walimwita Nyundo. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha metali redioni, kila Jumamosi mchana, na jina hilo alilipata kwa sababu albamu mbovu ikiingia mikononi mwake haikutoka na mbavu zote. Hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, awe rafiki, awe mdhamini wa kipindi. Sasa mpiga dramu wa Kokoto alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, ndugu wa kuachiana ziwa. Bosi wa redio alipousikia undugu huo alisugua viganja kwa furaha.

"Jumamosi tunaizindua hewani, bendi nzima ndani ya studio," alimwambia. "Wewe dada mtu, nani atasifu akushinde?"

"Sijaisikiliza bado," Nyundo akajibu.

"Kwani lazima?"

Bosi huyo alikuwa mtu mwema, ila muziki kwake ulikuwa kitu cha kujaza nafasi kati ya matangazo.

Nyundo aliisikiliza nyumbani, amekaa jikoni na hedifoni kichwani, sufuria ikiungua bila yeye kujua. Aliisikiliza mara ya kwanza, akairudia, akairudia tena. Gitaa zilimsimamisha nywele, hilo hakulikataa. Sauti ya mwimbaji ilikuwa ya mtu aliyeambiwa ahame nyumba yake akagoma. Lakini dramu hazikumkaa sawa. Alizisikiliza mwanzo hadi mwisho akiutafuta mguu wa ndugu yake, na mguu ule haukuwepo.

Mguu wenyewe una habari yake. Utotoni mdogo wake alianguka ukutani akifukuza mpira, mfupa wa mguu wa kulia ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa anachechemea. Alipoanza kupiga dramu, mguu huohuo ndio uliokanyaga pedali ya dramu kubwa, nao ulikuwa unachelewa. Unachelewa kidogo tu, kama mtu anayesita mlangoni kabla ya kubisha hodi. Mikono inafika, mguu unafika nyuma yake, na muziki wote unainama upande mmoja mpaka msikilizaji naye anainama. Nyundo aliupenda mguu ule kuliko chombo chochote duniani. Watoto wa mtaani walimtania ndugu yake kwa mlio wa hatua zake wakamwita Moja na Nusu, na Nyundo akalichukua jina lile la kebehi, akalipandisha hewani kwa fahari. "Kwenye dramu, Moja na Nusu!" alikuwa akipaza sauti kila akicheza nyimbo za zamani za Kokoto, na mji mzima ukalishika.

Kwenye Tanuri hapakuwa na nusu. Kila pigo lilikaa mahali pake, limenyooka. Nyundo hakuwa mgeni kwenye mambo ya studio. Alijua prodyuza anaweza kuyachukua mapigo ya mtu akayapanga mstarini kwenye kompyuta, moja moja, mpaka mwenyewe akisikia asijitambue. Na kilichomkata maini hasa ni kwamba yule mhakiki wa mbali aliandika, kwa kusifu, kwamba dramu za Kokoto zinalia kana kwamba hakuna mtu anayezipiga. Mdogo wake akayachapisha maneno hayo kwenye fulana. HAKUNA MTU ANAYEZIPIGA, kifuani, herufi nyeupe, akatembea nayo mjini kichwa juu.

"Umemvisha ndugu yangu kilemba cha ukoka, na yeye kakipokea kwa mikono miwili," Nyundo aliuambia ukurasa wa yule mhakiki, peke yake jikoni. Alikasirika hata sufuria akaitupa. Lakini chini ya hasira palikuwa na hofu, na hofu ilikuwa moja tu: kwamba mdogo wake ameacha kupiga. Siku nyingi sasa alikuwa hamwoni kwenye mazoezi. Alipompigia simu kumuuliza anapiga lini, mdogo wake alicheka.

"Wewe subiri kikao, Dada."

Kikao cha Migongo kilikuwa desturi yao watu wa metali wa mji ule, na hakuna aliyethubutu kuikwepa. Bendi ya nyumbani ikitoa albamu, kabla haijachezwa redioni inasikilizwa kwanza kwenye karakana ya Mjomba, fundi makochi, kaka wa mama yao Nyundo. Huko ndiko Kokoto walikokulia, kwa sababu magodoro na marobota ya sponji yaliyopangwa kutani yalimeza kelele na majirani wakalala salama. Albamu inachezwa mwanzo mpaka mwisho, hakuna kutoka wala kunong'ona. Kisha wanabendi wanageuzwa viti, wanatazama ukuta, na kila msikilizaji anasimama na kusema alichokisikia. Anayesema haoni sura ya anayemsema, kwa hiyo haogopi. Anayesemwa haruhusiwi kugeuka wala kujibu mpaka wa mwisho amalize, na wa mwisho siku zote ni Mjomba, kwa sababu kuta ni zake.

Jumapili iliyotangulia uzinduzi, Nyundo alifika mapema kikaoni. Mjomba alikuwa ameinama kwenye cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi, anaizungusha kwa kanyagio, taka taka taka, bila kupunguza wala kuongeza. Alisifika kwa hilo. Mshono wake ulinyooka kwa sababu mguu wake haukubadilisha mwendo hata nyumba ikiungua.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona uso umeukunja hivyo? Kochi gani limekuudhi?"

Nyundo alikuwa ameziona dramu za mdogo wake pale pembeni. Alipitisha kidole juu ya dramu kubwa, na kidole kikaacha njia kwenye vumbi.

"Mjomba, hizi zinapigwa lini?"

"Mimi niulize makochi," Mjomba akasema, akarudi kwenye mshono.

Nyundo akavuta kipande cha sponji kutoka kwenye lundo lililokuwa nyuma ya cherehani ili akikalie. Kilikuwa na shimo katikati, limechimbika karibu litokee upande wa pili. Akavuta kingine, nacho vilevile. "Panya watakumaliza humu," akasema kwa uchungu, ili tu aseme kitu.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Panya ni mmoja tu. Tena mkubwa."

Watu wakaingia, wakajaa kwenye makochi yasiyo na vitambaa. Kokoto wakaja, mdogo wake Nyundo akiingia nyuma ya wenzake, anachechemea, kavaa ile fulana. Alimkonyeza dada yake. Nyundo aliangalia pembeni.

Tanuri ikachezwa. Ikaisha. Viti vikageuzwa.

Mwalimu wa kemia, mwenye nywele ndefu ambazo shuleni huzificha chini ya kofia, alisimama wa kwanza akazungumzia ubaridi wa viwanda na upweke wa chuma. Nyundo akamkatiza: "Mwalimu, hayo umeyasikia au umeyasoma?" Watu wakaangua kicheko na mwalimu akakaa, masikio yamemchemka. Msusi wa mtaa wa pili alisema wimbo wa tatu ulimfanya atamani kumpigia simu mtu fulani amtukane, na kwake hiyo ndiyo alama ya wimbo mzuri. Muuza vipuri hakuwa na zaidi ya "Moto!" Sifa zikaenda hivyo, mmoja anaongeza juu ya mwenzake, na migongo ya Kokoto ikazidi kunyooka.

Zamu ya Nyundo ikafika.

"Gitaa nimezisikia," alianza. "Wimbo wa pili zinaingia moja juu ya nyingine mpaka mtu unatafuta pa kushika. Hapo sina neno. Mwimbaji, zamani ulikuwa unapayuka, sasa unaimba, hongera. Ingekuwa ni gitaa na koo tupu, ningewapa nyota zao na mwezi wa kuongezea."

Alikuwa anautazama mgongo wa mdogo wake, na mgongo ule ulimpa taabu, kwa sababu aliubeba ukiwa mdogo.

"Lakini dramu hizi hazina mtu. Prodyuza kazipanga kama vigae vya bafuni. Yule aliyeandika kwamba hakuna anayezipiga kasema kweli, ila hajui kasema nini. Mmemtoa ndugu yangu kitini mkaikalisha mashine, na yeye kakubali, anajitembeza na fulana ya kujitangazia msiba wake. Dramu zake hizo pale, zimelala vumbi. Mimi nasema albamu hii haistahili sifa ilizopewa. Na Jumamosi nitasema hivyohivyo hewani. Atakayenuna na anune!"

Mtu mmoja alipiga mluzi. Mpiga besi akataka kugeuka, mpiga gitaa akamshika bega. Mdogo wake hakutikisika. Kilichobadilika ni shingo tu, iliyokuwa inasimama mshipa mmoja baada ya mwingine, lakini uso aliuacha ukutani, kwa sababu kikao ni kikao. Nyundo akakaa. Hakujutia hata neno moja.

"Mjomba," watu wakasema. "Malizia."

Mjomba hakusimama kusema. Aliinuka, akaenda nyuma ya cherehani, akakumbatia vipande vya sponji kadiri mikono yake ilivyoweza, akaja akavimwaga miguuni mwa Nyundo. Akarudi akachukua vingine akamwaga tena. Vyote vilikuwa na shimo palepale katikati. Mwisho kabisa alichomoa chini ya cherehani pedali ya dramu, chuma chake kimelika kwa kukanyagwa, akaiweka juu ya lundo.

"Panya huyo," akasema. "Kila alfajiri kabla sijafungua duka. Mimi nashona, yeye anagonga sponji, anaufuata mwendo wa cherehani yangu. Siku za mwanzo alikuwa analia. Kaniapisha nisiseme. Leo kiapo kimenishinda, maana kuna mtu kaitwa mashine ndani ya kuta zangu. Nimemaliza."

Hapo ndipo mdogo wake aliruhusiwa kugeuka, akageuka.

"Kompyuta haijagusa pigo hata moja," alisema taratibu. "Muulize prodyuza. Yeye mwenyewe alikuja kunichungulia, kadhani nimeficha kitu. Ni mimi, Dada. Ni mguu huu huu."

Nyundo alitoa macho. Alivitazama vile vipande, akaitazama dramu kubwa yenye vumbi, na sasa ndipo alipoona kwamba haikuwa na pedali. Angeliona hilo tangu asubuhi kama hasira isingemziba.

"Kwa nini?" aliuliza. "Mguu ule ulikuwa na kasoro gani?"

"Umeniuliza? Kweli unaniuliza mimi?" Mdogo wake akasimama, sauti ikapanda. "Ulikuwa unachelewa! Mimi nilitaka ufike, wenyewe unachelewa. Watu mkasikia, mkanionea huruma, halafu huruma yenu mkaiita muziki. Na wewe ndiye uliyenibandika lile jina. Napita sokoni, mtoto nisiyemjua ananiita Moja na Nusu. Nikimuuliza kalitoa wapi, ananiambia redioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalitaja kwa furaha. Ningeanzia wapi?"

Haya ilimpanda Nyundo mpaka usoni, na karakana nzima ikaona.

"Sasa sikilizeni wote," mdogo wake akaendelea, "maana Dada si peke yake. Mimi si Moja na Nusu. Mimi ni mpiga dramu. Nikitaka mguu uchelewe, utachelewa, lakini iwe mimi nimetaka. Na fulana hii naivaa kwa sababu yule bwana wa mbali alidhani hakuna mtu. Nikicheka, nacheka kwa kuwa mtu mwenyewe namjua, ni mimi."

Akaichukua pedali, akachechemea mpaka kwenye dramu, akaifunga. Mpiga gitaa na mpiga besi wakaelewa, wakachomeka nyaya zao. Mjomba akarudi kwenye cherehani, si kwa kushona, kwa kukaa tu mahali pake. Wakaupiga wimbo wa tatu.

Vumbi liliruka kwenye ngozi za dramu likawaingia watu puani. Nyundo hakuangalia mikono. Alikaza macho kwenye mguu wa kulia, kiatu kilichotiwa soli nene ili kufidia mfupa, na kiatu kile kilikuwa kinashuka kwa wakati. Kilishuka kila mara kwa wakati, wimbo ulipokimbia na ulipotulia, na pale katikati ambapo hata wapiga dramu wenye miguu miwili mizima hutapatapa. Aliona pia kile ambacho albamu haikumwonyesha: meno yaliyokazwa, paja linalotetemeka, jasho linalodondoka kwenye yale maneno kifuani. Mtu alikuwepo. Alikuwepo mzima, na alikuwa anakataa kuchelewa.

Wimbo ulipokatika, mdogo wake aliuminya mguu kwa mikono miwili, akahema. "Enhe?" akamuuliza dada yake mbele za watu. "Nyundo, sema."

Nyundo alikuwa analia wala hakujificha. "Nilikosea. Nilikuita mashine, na hilo nitalifuta kwa mdomo huuhuu." Akajipangusa machozi kwa kiganja. "Na bado siipendi."

"Nini?"

"Siipendi! Ulivyokuwa unapiga zamani ndivyo nipendavyo. Umenisuta, nimesutika, lakini masikio yangu hukuyanunua. Utanipiga?"

Watu wakashika vinywa. Mabega ya mdogo wake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaegemea dramu. "Kichwa ngumu, mwanamke wewe."

"Tumezaliwa nyumba moja."

"Basi usiipende," akasema, amekoma kucheka. "Kupenda ni kwako. Mimi nataka useme tu ni nani kapiga."

Jumamosi studio ilijaa. Kokoto walibanana kwenye viti, bosi alisimama nyuma ya kioo ameshika simu mbili, na taa nyekundu ikawaka. Nyundo alivuta maiki.

"Mmesoma sifa za Tanuri," alisema. "Leo nazikataa hewani. Nyota sizikatai, nyota ni zao, na wahakiki wangekuwa nazo zaidi ningewaambia waongeze. Naikataa sababu. Wameisifu kwa kuwa eti ndani yake hakuna mtu. Uongo mtupu. Na mimi niliusema uongo huohuo, tena kwa dharau, mbele ya watu wanaonisikiliza sasa. Nimekosea. Kila pigo mtakalolisikia limepigwa na mtu aliyelifanyia kazi alfajiri kwa alfajiri, wakati mimi na nyinyi tumejifunika shuka. Anayetaka kuusifu ubaridi wa mashine akatafute kwingine. Albamu hii inastahili sifa, lakini si hizo mlizoipa."

Bosi nyuma ya kioo aliafiki kwa kichwa na kuinua dole gumba.

"Na mimi binafsi," Nyundo akaongeza, "siipendi."

Dole gumba likashuka. Bosi alijishika kichwa, simu moja ikamdondoka. Mpiga gitaa akauma ngumi asicheke. Mdogo wake alijisogeza kwenye maiki yake akasema kwa upole, "Asante kwa kunikaribisha, Dada," na wasikilizaji kote mjini wakamsikia akicheka.

Ikabaki kuwatambulisha. Nyundo alifanya kama alivyofanya miaka yote, sauti juu, jina baada ya jina la utani. Akamtaja wa gitaa, akamtaja wa besi, akamtaja wa koo.

"Na kwenye dramu," akapaza sauti, "Moja na..."

Ulimi ukasimama. Hewani pakawa kimya, kile kimya ambacho mtangazaji hukiogopa kuliko tusi. Bosi alipiga kioo. Nyundo hakumwangalia. Alimwangalia mdogo wake, aliyekuwa ameketi wima, vijiti vimelala magotini, hamsaidii na wala hamharakishi.

"Kwenye dramu," Nyundo akasema upya, "mpiga dramu."

Mdogo wake aliinamisha kichwa mara moja. Nyundo akabonyeza kitufe, wimbo wa tatu ukaanza, na mguu ukaingia kwa wakati.